Kiatu Kinachofia Stoo

Raba zinaweza kufa bila kukimbia hata hatua moja. Ziache ndani ya boksi lake, zitupie stoo, zisahau miaka sita au saba, kisha zitoe umpe mtu azunguke nazo uwanja. Huenda asimalize mzunguko wa kwanza kabla soli haijaanza kumeguka na kudondoka vipande kama mkate uliolowa. Juu kiatu kinang'aa, kamba ni mpya, ulimi haujakunjwa. Chini hakuna kitu.

Watu wakiona hivyo humlaumu aliyewauzia, wakisema wamepewa feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini vipo viatu halali, tena vya bei kubwa, ambavyo sponji yake ya katikati imetengenezwa kwa poliurethani, na adui mkubwa wa poliurethani ni unyevu wa hewani. Unyevu huo hupenya polepole na kukata minyororo ya kemikali inayoishikilia sponji, na joto huongeza kasi ya kazi hiyo. Gundi nayo hulegea, mpira wa chini hukakamaa na kupasuka. Hakuna mguu ulioingia humo, na bado kiatu kinazeeka. Sasa fikiria stoo ya nyumba ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa: chumba kidogo kisicho na dirisha, bati juu, joto mwaka mzima, na hewa ya bahari iliyojaa maji. Ukitaka kuua kiatu taratibu, hutapata mahali pazuri kuliko hapo.

Nimeanza na kemia kwa sababu nyumba yetu ni ya wanamichezo, na katika nyumba za namna hii hoja inayoshinda kila mara ni moja: kiache, bado kizima, kitamfaa mtu. Ni hoja ya watu wema na waangalifu. Ndiyo hiyohiyo inayojaza stoo viatu vilivyokufa wakati watoto wa mtaa wa pili wanacheza peku. Ninachotaka kusema leo ni kwamba kifaa cha michezo kina muda wake wa kumfaa mtu, kwamba kwa viatu muda huo ni mfupi kuliko tunavyodhani, na kwamba kinapaswa kuondoka nyumbani kingali na uhai.

Nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, kila mtu anacheza kitu. Mume wangu alisakata mpira wa mchangani ujana wake wote. Alipotundika daluga akajiunga na klabu ya jogging. Mtoto wetu wa kwanza ni golikipa. Anayemfuata, binti, anacheza netiboli na sasa ameongeza mpira wa kikapu. Wa tatu alianza na ngumi, akahamia mbio fupi, siku hizi ni beki wa kulia wa timu ya shule. Kitindamimba, wa miaka tisa, anacheza kila kilichoachwa na wakubwa zake. Mimi mwenyewe nakimbia na wenzangu asubuhi za Jumapili na sina mpango wa kuacha.

Kwa hiyo uvunguni mwa vitanda kuna daluga. Juu ya kabati kuna mipira iliyopwaya. Nyuma ya mlango wa stoo kuna kiroba cha vikinga ugoko ambavyo kila kimoja kimempoteza mwenzake. Glavu za golikipa zinaning'inia kwenye nondo za dirisha la jikoni, maana ndani harufu yake haivumiliki. Kuna bandeji za ngumi, koni na vizibao vya mazoezi, pampu ambayo sindano yake haijulikani ilipo. Uani, siku yoyote ya wiki, kamba ya nguo haikosi soksi ndefu.

Mtu asiyeishi na wanamichezo hudhani huu ni uroho wa kununua. Sivyo. Vifaa huongezeka kwa sababu michezo yenyewe inavidai. Sheria ya 4 ya soka, inayohusu vifaa vya mchezaji, inataka vitu vitano: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Refa makini wa mashindano ya watoto hamruhusu mtoto aingie bila vikinga ugoko, na ana haki. Zidisha vitano hivyo kwa idadi ya watoto, kisha angalia viwanja. Daluga za meno marefu ni za nyasi na udongo laini. Kwenye viwanja vya nyasi bandia vinavyokodishwa kwa saa hapa mjini unatakiwa uje na meno mafupi. Kwenye saruji ya netiboli yote hayo hayafai, panahitaji soli bapa inayoshika chini. Mipira nayo ina namba zake: soka ya wakubwa ni namba 5, ya watoto wadogo namba 4, kikapu cha wanaume ni namba 7, cha wanawake 6. Hata ubane matumizi namna gani, huwezi kumwambia binti afanye mazoezi ya kikapu kwa mpira wa soka.

Halafu kuna mguu wenyewe. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi unaweza kukua namba moja hadi mbili kwa mwaka mmoja, na anapokaribia kubalehe unaweza kukua kwa kasi zaidi. Daluga zilizonunuliwa shule zinapofunguliwa Januari mara nyingi huwa zinabana kabla ya Krismasi. Hazijachakaa, ila mwenyewe ameshazipita.

Fulana zina njia yake ya kuingia. Klabu za jogging za Dar es Salaam zina utamaduni mzuri wa kutembeleana: kila klabu ina fulana yake, kila maadhimisho yana fulana yake, na ukialikwa na wenzako hurudi mikono mitupu. Ongeza mbio kubwa. CRDB Bank Marathon, iliyoanza 2020, imekuwa ikichangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kilimanjaro Marathon huwakusanya wakimbiaji Moshi kila mwaka. Unakokimbia unapewa fulana na medali, na si rahisi kuitupa fulana inayokukumbusha kwamba jasho lako lilimsaidia mtoto afanyiwe upasuaji wa moyo. Sisemi itupwe. Fulana, kama nitakavyoeleza, si tatizo letu kubwa.

Tatizo letu kubwa ni ile ahadi inayotolewa kila kiatu kinapomkataa mwenyewe: atavaa mdogo wake.

Hebu tuipigie hesabu. Kati ya golikipa wetu na beki wetu kuna miaka minne. Kiatu alichokiacha mkubwa akiwa na miaka kumi kitamwenea mdogo baada ya miaka minne, kama miguu yao itafanana, kama mdogo atacheza mchezo uleule, na kama hataona haya kuvaa kiatu ambacho timu nzima inakijua kuwa cha kaka yake. Miaka minne stoo, tena pwani. Na kiatu hicho hakikuingia stoo kikiwa kipya. Sponji nyingine inayotumika sana kwenye raba, iitwayo EVA, inauhimili unyevu kuliko poliurethani, lakini hukandamizika: kila hatua hubonyeza vijipovu vya hewa vilivyomo ndani yake, mpaka vinafika mahali havirudi tena. Ndiyo sababu wakimbiaji hushauriwa kubadili raba baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi. Zaidi ya hapo, unyayo wa mwenye kiatu umeshachonga alama zake. Kisigino kimelalia upande mmoja, dole gumba limechimba shimo. Mdogo anarithi namna ya kukanyaga ya mtu mwingine, na magoti yake ndiyo yanayolipa.

Kitindamimba wetu alikwenda kwenye bonanza la shule na daluga zilizokuwa zimemsubiri hivyo. Kipindi cha kwanza hakijaisha, soli ya mguu wa kulia ikafumuka kuanzia vidoleni, ikabaki imeshikilia kisigino tu. Kocha wa shule hakushangaa. Alitoa mfukoni utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye kiatu, akafunga fundo, mtoto akarudi uwanjani. Baada ya mechi alinionyesha: alikuwa na furushi zima la tepe za namna hiyo, amezikata nyumbani na kuzileta, kwa kuwa kila mechi lazima kiwepo kiatu kinachofumuka.

“Mama,” akaniambia, “watu wanatusaidia kweli, tunawashukuru. Ila viatu wanavyotuletea vimekaa mno. Wangetuletea mapema.”

Nilipolifikisha neno hilo nyumbani, mama mkwe wangu, ambaye huja kukaa nasi msimu wa masika, hakulipenda hata kidogo. Yeye hutunza kila kitu. Jezi iliyochanika huikata mikono ikawa ya kulalia, soksi iliyotoboka huijaza vitambaa ikawa mpira wa wajukuu kuchezea chandimu. Ana sababu. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikuwa mama kijana Korogwe, bidhaa zimeadimika nchi nzima, sabuni na sukari ni kwa foleni. Kiatu kilikuwa cha kiwanda cha Bora, kama kimepatikana. Afueni ilianza 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mitumba ikaanza kujaa masokoni.

“Mwanangu,” alisema, “ninyi mnaona kiatu kuukuu. Mimi naona foleni.”

Sikuwa na la kumjibu kuhusu foleni. Lakini nilimuuliza kiatu hicho cha Bora kilikaa uvunguni miaka mingapi kikimsubiri mtoto mwingine. Akacheka. Hakikukaa hata wiki, alisema. Kikimbana mkubwa wake kilikwenda kwa mtoto wa jirani, na cha jirani kikaja kwake; kama si jirani, ni binamu; kama si binamu, ni mtoto wa mwalimu. Kiatu kilitoka mguu mmoja kikaingia mwingine kikiwa bado na joto. Watu waliojua shida ya kweli hawakuwa na lundo. Lundo ni la kizazi chetu, ambacho kina uwezo wa kununua kingine huku kikishikilia cha zamani.

Toka mazungumzo yale, mama mkwe ndiye mshirika wangu mkubwa katika jambo hili, kwa masharti kwamba chochote kinachotoka anakikagua yeye kwanza.

Si vifaa vyote vinavyozeeka sawasawa, na nadhani hapa familia nyingi zinapanga mambo kinyume: zinagawa jezi, zinaficha viatu. Jezi ya siku hizi ni poliesta, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli. Haiozi na nondo hawaili. Katika Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, Nike ilizivalisha timu zake jezi zilizotokana na chupa za plastiki zilizoyeyushwa, hadi chupa nane kwa jezi moja, na kitambaa hicho ni kigumu kufa kama chupa zenyewe. Namba za mgongoni zitapasuka na nembo zitabanduka, lakini jezi inaweza kukusubiri hata mpaka mjukuu. Vikinga ugoko navyo ni plastiki ngumu; kinachokufa ni mpira wa kufungia tu, na huo fundi cherehani anaubadilisha kwa fedha kidogo.

Glavu za golikipa ziko upande wa pili kabisa. Kiganja chake ni povu la mpira wa asili. Ukiziweka chafu, zimekunjwa, mahali pa joto, viganja hugandana, na siku unapozitenganisha vinachunika. Glavu za mashindano ni za msimu mmoja, hata kwa golikipa anayezitunza. Mpira wa soka hudumu zaidi, ila hautaki kukaa umejaa pomoni wala kupwaya kabisa: ukipwaya hujikunja, mishono ikachanika, na kibofu cha ndani kikashikana. Uache na upepo kidogo. Bandeji za ngumi zioshwe, zikauke, zitumike. Basi.

Viatu ndivyo vyenye haraka, na kwa viatu mtu wa kumuuliza ni fundi wa pale kona. Kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za mji, raba mpya hupelekwa kwa fundi kushonwa soli kuzunguka kabla hazijavaliwa, maana gundi ya kiwandani haiaminiki kwenye vumbi na madimbwi yetu. Fundi wetu hushona, hubandika, hutia kiraka, hubadilisha kisigino. Lakini kuna kiatu anachokirudisha bila kukigusa. Hukibonyeza sponji kwa dole gumba ubavuni. Isiposhuka na kurudi, au ikishuka na kubaki chini, anatikisa kichwa. Hukiweka juu ya boksi lake na kukitazama kwa nyuma kuona kama kimeinama upande. Hukipinda katikati na kuangalia kama mstari wa gundi unafunguka. Haichukui hata dakika, na mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa. Wetu wamefundishwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba raba nyingi tunazonunua zimeshapitia stoo ya mtu mwingine. Ukienda Karume pale Ilala, Memorial Moshi au Gikomba Nairobi, utaona viatu ambavyo chini ya ulimi vimeandikwa kwa kalamu ya wino jina la mtoto wa mbali, na jezi zenye jina la shule ya sekondari ya Marekani. Familia ya huko nayo ilikuwa na watoto wanaokua, nayo ilisema kiache kitamfaa mdogo wake, mpaka siku ya kuhama nyumba. Ndipo vikaingia kwenye pipa la msaada, vikachambuliwa, vikafungwa marobota, vikapanda meli. Mchuuzi mzoefu anajua kwamba baadhi vinafika vikiwa vimeshachelewa, ndiyo maana naye hubonyeza soli kabla ya kupanga bei. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kukuza viwanda vyetu. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA, Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo, na 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Ule ni mjadala wa viwanda na ajira, na una uzito wake. Kwa mama aliyesimama mbele ya meza ya Karume na fedha za kiatu kimoja, swali ni kama sponji iko hai.

Na kiatu kilichokufa kabisa kinakwenda wapi? Hapa kwetu kinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, au, vibaya zaidi, kinachomwa uani jioni pamoja na takataka nyingine. Tafadhali tusichome viatu. Moshi ule mweusi ni wa plastiki na gundi, na watoto wetu wanauvuta wakiwa wanarudi mazoezini na mapafu yamefunguka. Lamu walionyesha njia nyingine: mwaka 2018 mafundi wa majahazi walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa, ubavuni limepambwa kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni na mijini. Mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Si kila mtaa utaunda jahazi, lakini kandambili zile zingeweza kuishia motoni, na hazikuishia huko.

Nirudi kwa wanaocheza peku. Wapo wanaoniambia kwamba mtoto wa Kiafrika hahitaji kiatu, na wote hutaja jina moja: Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu. Kweli alishinda. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena, na mara hii alivaa viatu. Bikila aliamua mwenyewe. Mtoto anayecheza kwenye kiwanja chenye changarawe, mizizi na vipande vya chupa hajaamua chochote. Anarudi nyumbani na kucha iliyong'oka, mama yake anamkataza mpira wiki mbili, na beki mzuri anapotea hivyo hivyo. Mashindano yanapofika, kuanzia ngazi ya shule kuelekea UMITASHUMTA, michezo ya taifa ya shule za msingi, mwalimu wa michezo huhangaika kutafuta viatu vya timu nzima kwa siku chache, na hupata vile vya tepe za tyubu.

Kwa hiyo nyumbani tumepanga hivi. Shule zinapofungwa, Juni na Desemba, watoto wote hukaa barazani na kuvaa kila kiatu walichonacho, kwa soksi. Kinachobana kinaondoka wiki hiyohiyo, hata kama kinang'aa, hasa kama kinang'aa. Hatuulizi tena kitamfaa nani miaka ijayo. Kinaoshwa, kinakaushwa kivulini kwa sababu jua kali hukausha gundi, kinafungwa kamba na mwenzake. Chini tunabandika karatasi yenye urefu wa ndani kwa sentimita, kwa maana namba za Uingereza, Ulaya na Marekani hazilingani na mara nyingi zimeshafutika. Vikinga ugoko vinafungwa viwili viwili, ndani ya soksi zake. Mama mkwe ana kipimo chake cha mwisho, nacho ni kikali kuliko cha fundi: kama humvishi mjukuu wangu, usimvishe wa mwenzio.

Vitu hivyo hatumpi mtoto mmoja mmoja. Tunampa mwalimu wa michezo, anavitia kwenye sanduku la shule, mchezaji anachukua kabla ya mazoezi na kurudisha baada yake. Nimeona tofauti yake kwa macho. Mtoto akipewa kiatu mkononi mbele ya wenzake anakuwa mtoto wa msaada. Akikichukua kwenye sanduku la timu ni mchezaji kama wengine. Tena jozi moja huvaliwa na watoto wawili au watatu kwa siku, asubuhi na jioni. Inachakaa kwa kuchezewa, ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Vipo ambavyo havitoki, na hilo nalo nalitetea. Binti yetu amehifadhi jezi aliyovaa mara ya kwanza alipochaguliwa timu ya wilaya, na hakuna mtu atakayemgusa. Mume wangu ana jezi ya marehemu baba yake, aliyechezea timu ya shamba la mkonge kule Korogwe miaka ya sabini. Hiyo ni pamba, si poliesta, namba ya mgongoni imeshonwa kwa mkono, kwapani imetoboka. Pamba inahitaji uangalizi: huliwa na wadudu, hushika ukungu. Tunaifunga ndani ya kanga safi na kuitoa hewani kila baada ya masika. Babu huyo aliishi kuona Coastal Union ya Tanga ikitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na watoto wetu wanajua habari za siku ile kwa sababu jezi yake ikitolewa, baba yao husimulia. Nyumba iliyotoa viatu vyake vilivyokufa hupata nafasi ya kuhifadhi kitu kama hicho vizuri. Zamani jezi ya babu ilikuwa chini ya mifuko ya sandarusi iliyojaa daluga zilizomeguka.

Sitarajii vifaa kupungua. Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, beki wetu wa kulia alitangaza wiki hiyohiyo kwamba anarudi kwenye mbio. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na kila mtoto wa kila mtaa atataka kucheza. Vifaa vitaingia majumbani, na viingie.

Kuna mjadala mmoja ambao haujaisha. Mume wangu ana raba za mbio ambazo amezikimbilia kuliko anavyokumbuka, na anashikilia kwamba bado nzima. Nimembonyezea sponji mbele ya watoto, imeshuka na haikurudi. Anasema zimeuzoea mguu wake. Fundi amealikwa kutoa uamuzi.

Wakati huohuo kocha ametuma mahitaji yake ya muhula ujao. Daluga za wavulana anazo za kutosha kwa sasa, ila za namba ndogo, 33 hadi 35, zimekwisha. Anahitaji glavu za golikipa za mtoto, jozi mbili, hata zilizotumika msimu mmoja. Na anaomba sana raba za netiboli, namba 36 hadi 39, kwa sababu watu huleta daluga wakasahau kwamba shule ina timu ya wasichana, tena ndiyo iliyofika mbali zaidi mwaka jana. Binti yetu ameshapima zake mbili: sentimita 23 na nusu, na 24. Zinakauka kivulini.